Kisichopandwa na Mtu ni cha Nani?

Yako maneno ambayo watu huyasema kila siku bila kuyapima, na kwa sababu huyasema kila siku huyadhani kuwa ni kweli. Neno moja katika hayo ni hili: "Cha porini hakina mwenyewe." Mtu akikata fito za kujengea, akichuma mboga za mwitu, akiokota chaza pwani, naye akaulizwa habari za ruhusa, hucheka akajibu kwa neno hilo, na muulizaji hunyamaza kana kwamba amekwisha kuhukumiwa. Nataka leo tulitwae neno hilo, tuliweke katika mizani kama karafuu zipimwavyo sokoni, tuone kama uzito wake ni wake mwenyewe au umetiwa mchanga. Nami nitalipima kwa kazi moja tu, iliyo karibu na macho yetu sisi tukaao upande huu wa Pemba, yaani kazi ya kusuka vikapu na mikeka kwa majani na mabugu ya mwitu.

Wesha ni kijiji cha pwani, magharibi ya mji wa Chake Chake, mahali pa gati na vyombo vya baharini. Mbele yake iko bahari, nyuma yake mashamba ya karafuu na minazi, na kati ya vilima mabonde ya mpunga. Ukiingia katika nyumba yo yote ya huko, utaona ungo wa kupetea mchele, kawa la kufunikia chakula, kikapu cha kwendea sokoni, jamvi la kuanikia karafuu, na karibu na mlango pakacha lililoletwa na maembe. Mwenye nyumba akiwa mvuvi, utaona na dema la kutegea samaki. Niliwaambia wanafunzi wangu wahesabu vyombo vilivyosukwa vilivyomo majumbani mwao. Walirudi na hesabu kubwa kuliko nilivyotazamia, na hata hivyo hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuuhesabu mkeka ambao alikuwa ameukalia wakati wa kuhesabu. Ndivyo tulivyo: kitu kilicho karibu nasi sana hatukioni.

Vyombo hivyo havitoki katika mti mmoja. Pakacha husukwa kwa kuti bichi la mnazi, na mnazi una mwenyewe; hata mtoto mdogo ajua kwamba mnazi wa fulani haukwewi bila ruhusa ya fulani. Majamvi na vikapu vya kazi ngumu hufanywa kwa miyaa, yaani majani ya mkoma. Mikeka mizuri, misala na makawa hufanywa kwa ukindu, majani ya mkindu, ule mtende wa mwitu uotao mashina mengi pamoja mahali penye unyevu. Matenga ya kuchukulia mizigo hufanywa kwa fito na mabugu, yaani ile mimea mirefu itambaayo na kuikwea miti ya msituni. Sasa angalia tofauti. Mnazi ulipandwa na mtu, na mtu yule au warithi wake wanajulikana. Mkindu, mkoma na bugu havikupandwa na mtu. Hapo ndipo neno letu linapoingia.

Kazi yenyewe ni ndefu kuliko adhanivyo mtu aionaye ikiwa imekwisha. Mwanamke huondoka mapema na kisu chake, akashuka bondeni, akachagua majani machanga yaliyo katikati ya mti, ambayo hayajafunguka bado, kwa kuwa hayo ndiyo laini na yenye kunyumbuka. Huyachukua kichwani, akayaanika juani mpaka yakauke na kuwa meupe. Akitaka kuyatia rangi huyachemsha: mizizi ya mdaa hutoa weusi, magome ya mkandaa wa pwani hutoa wekundu wa udongo, na manjano ya bustanini hutoa rangi ya jina lake. Kisha huyachana chane moja moja, zote za upana mmoja, kwa maana chane moja nene huharibu safu nzima. Ndipo husuka ukili, utepe mrefu kama usio na mwisho. Husuka akizungumza na jirani, husuka akimbembeleza mtoto, husuka akingoja chungu kiive. Ukili ukitosha, huushona ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utokee. Kazi hii haina saa zake. Hufanywa katika masalio ya siku, baada ya shamba, na maji, na kuni, na chakula cha watoto; kwa hiyo mkeka mmoja waweza kungojwa majuma mengi.

Basi na turudi kwenye neno letu. Kabla ya kulihukumu ni haki tulisikilize, maana lina upande wake mwema. Mwenye shamba ana karafuu zake, mwenye chombo ana bahari yake, mwenye duka ana mizani yake. Je, mjane asiye na shamba wala chombo wala duka ana nini? Ana bonde. Ana kisu, na mikono, na ujuzi aliofundishwa na mamaye. Laiti kila mkindu ungalikuwa na mwenyewe wa kusimama chini yake na kudai fedha, mjane huyo angalikufa njaa. Wazee waliosema "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu" waliijua siri hiyo: Mungu ameweka pwani na porini akiba ya mtu asiye na kitu, ili aamkaye na kutafuta asikose kitoweo. Mtu ajapo leo na kulizungushia ua bonde lote, akasema kwamba ukindu wote ni wake, tutamwambia kwa haki: Bwana, cha porini hakina mwenyewe.

Lakini tazama sasa jinsi neno moja lilivyobeba maana mbili. Maana ya kwanza ni hii: "Hapana mtu mmoja awezaye kumkataza mwenziwe." Maana ya pili ni hii: "Hapana mtu atakayeniuliza nimefanyaje." Maana hizi zafanana kama mapacha, na watu huzichanganya, lakini mmoja wa mapacha hawa ni mwaminifu na wa pili ni mwizi. Ya kwanza yamlinda maskini. Ya pili yamnyang'anya maskini yule yule, ijapokuwa haimnyang'anyi leo bali mwaka ujao.

Nitaeleza kwa nini. Mtende, na miti yote ya jamaa yake, haukui kama mwembe. Ukiukata mwembe tawi, hutoa matawi mengine kando. Lakini kila shina la mkindu lina moyo mmoja tu, nao u juu kabisa, na majani yote hutoka hapo. Mwenye kuchukua jani changa moja akaacha jingine lifunguke, mti huendelea kuishi, na baada ya muda humpa tena. Mwenye kuchukua kila jani changa litokealo, mti hudhoofika, maana majani ndiyo yaulishayo. Na mwenye haraka, akatia kisu chini mno akaukata moyo wenyewe, shina lile limekwisha. Halitatoa jani tena hata milele. Kwa macho, wanawake watatu waliotoka bondeni na mizigo mitatu ya ukindu hawatofautiani. Uzito ni mmoja na weupe ni mmoja. Tofauti imebaki nyuma yao bondeni, mahali pasipo na shahidi.

Yuko atakayesema, "Mwalimu, umezidisha. Mkindu hutoa vichipukizi shinani, na bugu likikatwa huchipuka tena." Ni kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyowadanganya wengi. Bugu lililokatwa juu ya ardhi laweza kuchipuka. Lililong'olewa na mizizi haliwezi. Na bugu halijisimamii. Huhitaji mti wa kulikwea, na mti huhitaji msitu. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu ilikuwa msitu kabla watu hawajafyeka kupanda mikarafuu katika karne ya kumi na tisa. Leo mtu atakaye kuona jinsi misitu ile ilivyokuwa, hana budi kwenda mpaka Ngezi, kaskazini-magharibi, katika salio lililohifadhiwa, ambamo mna hata mpapindi, mtende ambao asili yake ni Pemba. Wafyekaji wale hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alifyeka kipande chake, akasema moyoni kwamba msitu ni mkubwa. Wahenga husema, "Chovya chovya yamaliza buyu la asali." Hawakusema kwamba buyu humalizwa na mlafi mmoja. Humalizwa na vidole vingi, kila kimoja kikiamini kwamba kimeonja tu.

Basi, cha porini ni cha nani? Nasema ni cha wote wakihitajio, na wengi katika hao hawapo hapa kusema neno. Binti aliye leo darasa la kwanza, ambaye baada ya miaka ishirini atatafuta ukindu wa kumlisha mtoto wake, ni mmoja wa wenyewe wa bonde lile. Hawezi kuja kwa sheha kushitaki, wala hajui bado kwamba ana haki. Lakini mtu asiyeweza kushitaki hakukosa haki yake kwa sababu hiyo. Yatima hawezi kushitaki, nasi twajua vizuri jina la mtu alaye mali ya yatima. Wasomaji wa Biblia watakumbuka pia ile sheria ndogo katika Kumbukumbu la Torati, ya mtu akutaye kiota njiani: ameruhusiwa kutwaa makinda, lakini amekatazwa kumtwaa mama pamoja na makinda. Ndege yule hana mwenyewe, naye aliyemkuta ana njaa, na njaa yake haikulaumiwa. Hata hivyo mkono wake umewekewa mpaka. Naona kwamba sheria ile, ijapokuwa yanena ndege, yaufaa sana mkindu: twaa jani, uache moyo.

Hapa wengine wangeishia, wakawa wamewahubiri wanawake wa bondeni na kuwaacha waume na wanunuzi wakae na raha zao. Mimi siwezi kuishia hapa, kwa maana iko dhuluma ya pili, ndugu yake ile ya kwanza, nayo haifanywi bondeni bali sokoni. Nilimsikia mnunuzi mmoja akimwambia mama mwuza vikapu, "Bibi, bei hii ya nini? Haya si majani tu?" Mama yule hakukasirika. Alimjibu, "Majani, mwanangu, yako bondeni, nenda ukayachukue, hapana atakayekutoza. Hiki ni kikapu." Waliokuwapo wakacheka, na mnunuzi akacheka pia, kisha akapunguza bei vile vile.

Tazama jinsi mnunuzi huyo na yule mkataji wa mioyo ya mikindu walivyofanya hesabu moja. Mkataji asema, "Mti haukunigharimu senti, kwa hiyo hauna thamani, nitaumaliza." Mnunuzi asema, "Majani hayakumgharimu senti, kwa hiyo kazi yake haina thamani, nitaipunja." Wote wawili wamehesabu sifuri kila mahali pasipopita fedha. Lakini siku za kukata, na kuanika, na kuchana, na kusuka, na kushona si sifuri. Ni siku za maisha ya mtu, nazo hazirudi. Ujuzi wa vidole vyake nao si sifuri. Ulitoka kwa bibi yake, na bibi yake aliupokea kwa wengine ambao majina yao hatuyajui tena. "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kazi ya wanawake wetu na mabonde yetu ni mali isiyoandikwa katika daftari lo lote, na hiyo ndiyo sababu yapotea nasi tumekaa kimya.

Tena dhuluma hizi mbili husaidiana, na jambo hili nawaomba wasomaji walifikiri sana. Kikapu kikinunuliwa kwa bei ndogo, msukaji hana budi kusuka vingi ili apate unga ule ule. Akisuka vingi hana nafasi ya kuchagua jani; hukata alikutalo, hukata changa lisilokomaa, hukata upesi, na kisu kikiharakishwa huenda chini mno. Basi yule bwana aliyesimama sokoni katika kanzu safi, ambaye hajakanyaga tope la bonde maisha yake yote, mkono wake umo katika mpini wa kisu kile. Hatuwezi kumwambia maskini, "Uuhurumie mti," hali sisi hatumhurumii yeye.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi katika miaka hii. Kwa muda mrefu mifuko ya plastiki ilikifukuza kikapu sokoni, kwa kuwa ilitolewa bure, na bure ile nayo ilikuwa ya uongo. Mifuko ilitupwa, ikaziba mifereji, ikaelea baharini, ikaliwa na mbuzi na kasa, wala haikuoza. Serikali zikachoka nayo. Zanzibar ilitangulia kuikataza, Kenya ikaipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Watu wakakitafuta tena kikapu. Twafurahi, lakini furaha yetu iwe na macho. Kikapu kitakiwacho na wachache bonde laweza kukivumilia hata pasipo utaratibu. Kikapu kikitakiwa na mji mzima, neno la "hakina mwenyewe" laweza kumaliza bonde kabla hatujapata nafasi ya kujuta.

Sasa nalifikia swali lililo gumu kuliko yote, nami sitalikwepa. Mwanamke mmoja, mtu mzima mwenye akili na uchaji, atauliza hivi: "Nimekusikia, Mwalimu. Nikiacha moyo wa mti leo, kesho atakuja mwingine ataukata. Mti utakufa vile vile, na mimi nitakuwa nimerudi nyumbani na mzigo mdogo. Watoto wangu wamekosa, na bonde halikupata. Je, wema wangu umemfaa nani?" Asidhaniwe kuwa mwanamke huyo ana choyo. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sawa. Mwenye kumjibu kwa neno la "Jitahidi tu kuwa mwema" amemtwika peke yake mzigo ambao ni wa kijiji kizima, kisha amekwenda zake kula.

Jibu langu ni kwamba uko wema ambao mtu mmoja hawezi kuukamilisha peke yake. Kusema kweli naweza peke yangu. Kutokuiba naweza peke yangu. Lakini kuhifadhi kitu cha wote siwezi, mpaka wenzangu wapatane nami. Wema wa namna hii ni kama mtumbwi mzito: mmoja akiusukuma huumia mgongo, nao hausogei, kumi wakisukuma kwa sauti moja, waingia majini. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mtu mwema mbele ya bonde la wote, pamoja na kukata kidogo, ni kuita mkutano.

Atakayesema kwamba mapatano kama hayo hayawezekani kwa watu wetu, na atazame baharini. Kutoka Wesha mashua huvuka kwenda kisiwa cha Misali. Jirani zetu Waislamu husimulia kwamba zamani Nabii Hidhri alifika huko, akawaomba wavuvi msala wa kusalia, nao hawakuwa nao. Akasema kwamba kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea Kibla, kitakuwa msala wake. Na wazee husema kwamba jina la Misali limetoka hapo. Mwaka 1998 Misali na bahari iizungukayo vilitengwa kuwa hifadhi: sehemu moja ya maji ikafungwa isivuliwe, ili samaki wapate mahali pa kuzaliana, na sehemu nyingine wakaachiwa wavuvi waendelee kupata riziki. Tangu mwaka 2005 imo ndani ya hifadhi kubwa zaidi ya mkondo wa Pemba. Katika kuwaeleza wavuvi, mafundisho ya dini yao juu ya amana na israfu yalitumiwa pamoja na maneno ya sheria. Sisemi kwamba hapana avunjaye. Nasema kwamba bahari, ambayo ni pori kubwa kuliko mapori yote, na samaki ambaye hana alama ya mwenyewe, vimewekewa mpaka na watu wa kisiwa hiki hiki.

Iko pia habari ya popo mkubwa wa Pemba, ambaye hapatikani penginepo duniani. Alikuwa akiwindwa kwa kitoweo, na miti aliyolalia ilikuwa ikikatwa, hata kufikia miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka. Kisha wanavijiji, kama wale wa Kidike, wakaunda vyama vya kumlinda, nao leo wahesabiwa kwa maelfu mengi. Popo naye alikuwa wa porini, naye alisemwa hana mwenyewe. Siku alipopata wenyewe, akaongezeka.

Na tukitaka mfano wa kusuka, twaweza kuupata Kenya, kwa Wakamba. Kiondo chao kilikuwa kikisukwa kwa nyuzi zilizosokotwa kutoka magome ya mibuyu na vichaka vya mwitu. Baadaye wakajifunza kutumia mkonge, mmea wa kigeni ulioletwa katika nchi iitwayo leo Tanzania mwaka 1893, wakaupanda mipakani mwa mashamba yao. Kazi ya mikono haikupotea, wala umbo la kiondo halikupotea. Kilichobadilika ni kwamba waliacha kuokota tu, wakaanza na kupanda. Nasi twaweza. Mkindu huota kwa mbegu, na hata vile vichipukizi vya shinani huweza kuhamishwa na kutiwa mahali pengine penye unyevu. Mtu aliyechukua majani kwa miaka thelathini, akipanda mikindu kumi ukingoni mwa konde lake la mpunga, amelipa deni ambalo hapana aliyemdai. Malipo ya namna hiyo ndiyo yenye heshima.

Basi natoa shauri langu kwa ufupi. Kwanza, wasukaji wa kijiji kimoja wakutane, pamoja na sheha na wazee, wapatane namna ya kukata: jani moja liachwe kwa kila moja litwaliwalo, moyo usiguswe, bugu lising'olewe, na sehemu ya bonde ipumzishwe kwa zamu. Wasemaji wakuu katika mkutano huo wawe wanawake wenyewe, kwa maana wao walijua bonde kuliko sisi tulio na kalamu. Pili, wapatane na bei pia, wasishindane kushushiana mpaka wote wakaanguka shimoni. Tatu, mnunuzi kabla ya kusema "majani tu" na ajaribu kusuka ukili wa shubiri moja. Nne, wazazi na walimu wawafundishe watoto kazi hii, wavulana na wasichana, na pamoja na namna ya kusuka wafundishwe namna ya kukata. Maana mtoto aliyefundishwa kusuka bila kufundishwa kukata amepewa nusu ya elimu, na nusu hiyo ndiyo iharibuyo.

Najua kwamba mapatano hayatashika siku ya kwanza. Atatokea mtu atakayekata usiku, na wengine watataka kuvunja kila kitu kwa ajili yake. Wasivunje. Kijiji hakiachi kufunga milango kwa sababu mwizi mmoja aliruka ukuta. Naye aliyekata usiku asifukuzwe kabla hajaulizwa alikuwa na shida gani, kwa maana huenda alisukumwa na njaa, na njaa ya jirani nayo ni jambo la mkutano.

Neno letu tulilolipima, basi, tusilitupe, bali tulitengeneze. Cha porini hakina mwenyewe mmoja. Hivyo ni kweli, na maskini na aendelee kushuka bondeni bila hofu. Lakini kina wenyewe wengi: tuliopo, na waliotutangulia wakakiacha kikiwa hai, na watakaotufuata. Kila atwaaye amewekewa amana mkononi pamoja na jani. Nawaachia wasomaji swali moja walijadili barazani jioni, kila mtu kwa habari ya kijiji chake: je, ni kitu gani kwetu ambacho kila mtu hukitwaa, na hapana hata mmoja akipandaye?